Kidevu cha Mlezi Mkuu

Nchi ninayoisimulia haiko karibu na kwenu, kwa hiyo usipoteze muda kuitafuta kwenye ramani wala kumtazama jirani kwa jicho la pembeni. Inaitwa Jamhuri ya Shwari. Mimi ni afisa habari wa wilaya mojawapo huko. Kazi yangu ni kuhudhuria kila tukio, kupiga picha, na kuandika kwamba lilifana. Katika utumishi wangu wote sijapata kuandika tukio ambalo halikufana, na hili nalo lilifana, ingawa kuna mama wa watu lilimgharimu.

Lilianza na Sera ya Taifa Bila Waya. Serikali yetu iligundua kwamba nchi zilizoendelea hutumia intaneti isiyo na waya, ikahitimisha kwamba sisi tunacheleweshwa na waya. Nyaya zote za mtandao zikang'olewa mashuleni na maofisini kwa ngoma na hotuba, na mtandao ukahamia hewani nchi nzima. Mkuu wetu wa Wilaya, Mheshimiwa Salmini Bwato, aliwazidi wenzake ari: aling'oa hadi waya za kuanikia nguo, na kwa muda tukawa tunakwenda kazini na nguo mbichi kwa uzalendo.

Kisha kila shule ikapewa kompyuta mpakato moja. Kompyuta hizo zilikuja na Linux, mfumo ambao mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuuchukua bure na kuubadilisha apendavyo. Wizara ikauchukua, ikauita Linux ya Taifa, ikaunda kamati ya kutafsiri maneno yote yanayotokea kwenye kioo. Kamati ilifanya kazi nzuri sana. Pale ambapo mashine ilizoea kusema imeshindwa, sasa inasema "Mchakato unaendelea." Pale ilipozoea kusema kitu hakipo, inasema "Kipo mbioni." Sehemu moja tu ilisahaulika, nayo ni lile dirisha jeusi ambamo mafundi huandika amri na mashine ikawajibu. Hakuna mjumbe wa kamati aliyewahi kulifungua, kwa hiyo halikutafsiriwa, na mpaka leo linasema kile linachokiona.

Likabaki suala la picha. Kwa sheria ya Shwari kila mali ya umma lazima iwe na picha ya Mlezi Mkuu wa Taifa: ukuta wa ofisi, gari la wagonjwa, tangi la maji, hata dume la mbegu la wilaya limebandikwa ubavuni. Kompyuta za shule nazo zilikuwa na picha, lakini siku moja mtu wa Ikulu akagundua kwamba picha hiyo ni ndogo kuliko nembo ya kiwanda kilichotengeneza kompyuta. Ikachapishwa mpya ya kunata, kubwa. Paji la uso lilikaa chini ya kibodi, pua ikakaa pale mkono unapopumzika, na kidevu, kwa kukosa nafasi, kikakunjwa kushukia ukingo wa mbele. Maagizo yalitaka picha isuguliwe kwa kitambaa kikavu, kwa nguvu, kutoka kulia kwenda kushoto, ili uso wa Mlezi Mkuu usibaki na mikunjo. Nchi nzima tulisugua. Lilifana.

*

Jumatatu iliyofuata, Mwalimu Asteria Mkolwe, mkuu wa Sekondari ya Chambasi, aliwasha kompyuta ya shule ili asajili watahiniwa wake wa kidato cha nne. Usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa saa sita mchana. Asiyesajiliwa hafanyi mtihani, anasubiri mwaka mzima. Kwa mvulana wa Chambasi kusubiri mwaka ni kwenda kuchimba mchanga mtoni na kutorudi darasani. Kwa msichana ni kuolewa, na tayari baba watatu walikuwa wanaulizia bei ya mchele wa sherehe.

Ile alama ya mtandao, yenye vipinde vilivyopandana, haikuwepo. Mahali pake palikuwa na maneno "Kipo mbioni." Mwalimu Asteria, mtumishi mtiifu, alisubiri. Akapika chai, akanywa, akarudi, mtandao bado uko mbioni.

Utauliza kwa nini hakutumia simu yake. Mfumo wa Wizara haupokei majina isipokuwa kutoka kompyuta rasmi ya shule. Utauliza kwa nini hakuchomeka simu kwenye kompyuta. Matundu yote ya kompyuta yalizibwa kwa gundi, kwa usalama wa taifa. Nchi yetu haina mianya.

Mchana akampigia Afisa TEHAMA wa Wilaya, Ndugu Yusto Pandisha, kijana mwenye shahada na shati lililopigwa pasi vizuri, ambaye kila tatizo humweleza mtu kwa sauti ya daktari anayetoa habari njema. Nami nikafuatana naye, maana ziara ya afisa ni tukio.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Yusto. Mtandao umepotea."

"Umejaribu kuzima na kuwasha?"

"Tangu asubuhi sifanyi lingine."

"Basi tuuhuishe mfumo." Akabonyeza. Mashine ikajibu kwamba ili ihuishwe inahitaji mtandao. Yusto akasema hilo ni la kawaida, basi tusome mwongozo wa matatizo ya mtandao. Mwongozo uko kwenye tovuti ya Wizara. Akasema hilo nalo ni la kawaida.

"Yusto mwanangu," Mwalimu Asteria akasema, "nina watoto wa watu huko darasani. Mambo ya kawaida nimeshayachoka."

Yusto akaenda kufunga mlango. Akafungua dirisha jeusi. Kwanza akauliza kama kadi ya mtandao imo ndani ya mashine. Ikajibu imo. Akauliza kama kiendeshi chake, ile programu inayoiendesha kadi, kimepakiwa. Kimepakiwa. Akapekua kumbukumbu za mfumo tangu mashine ilipowaka, hakuna lalamiko. Uso wake ukachangamka, maana alikuwa anaujua mwisho wa njia hiyo. Akaandika amri iitwayo rfkill, ambayo kazi yake ni kuuliza nani kaizima redio ya kompyuta, yaani kile kinachonasa mtandao hewani. Jibu likaja kwa lugha ya kigeni, mistari miwili. Wa kwanza ulisema redio haijazimwa na programu. Wa pili ulisema imezimwa kwa swichi.

"Swichi ipi?" Mwalimu Asteria akauliza. "Mimi sijawahi kuona swichi hapa."

Yusto akaigeuza kompyuta taratibu. Akakagua ukingo wa kulia, wa nyuma na wa kushoto. Akafika wa mbele. Pale, chini kidogo ya mdomo wa Mlezi Mkuu, kidevu kilikuwa na kiuvimbe kidogo, mfano wa chunusi, na kiuvimbe hicho kilikuwa kimesukumwa hadi mwisho upande wa kushoto.

Yusto akaishusha kompyuta mezani kama mtu anayemlaza mtoto wa mwenzake.

"Iko wapi hiyo swichi?" Mwalimu akauliza tena.

"Mwalimu, mimi nina familia."

"Nimekuuliza swichi."

"Nami nimekujibu kadiri ya uwezo wangu. Suala hili ni la ngazi ya juu." Akafunga dirisha jeusi, akafungua mlango, akaaga. Mwalimu Asteria akainama, akatazama ukingo wa mbele kwa muda mrefu. Mimi niliandika kwamba mtaalamu alifika na hali inaridhisha.

*

Ngazi ya juu ilikuja Jumatano, na msafara. Mheshimiwa Bwato alifika na Kamati yote ya Ulinzi na Usalama, wakaizunguka meza ya mkuu wa shule. Yusto aliamriwa alifungue dirisha jeusi mbele ya wajumbe. Akaandika amri, jibu likatoka lilelile. Wajumbe wakasoma. Kisha, mmoja baada ya mwingine, macho yao yakashuka kwenye kioo, yakapita kibodi, yakapita paji la uso na pua, yakafika kidevuni, halafu yote yakapanda darini kwa pamoja.

Nataka nieleweke vizuri. Hakuna mjumbe ambaye hakuelewa. Hawa ni watu wenye akili zao, wengine wamesoma ng'ambo. Mkuu wa Wilaya mwenyewe alishawahi kufundisha fizikia.

"Ndugu wajumbe," alisema, akiwa bado anatazama dari, "tumejionea. Mashine hii inadai kuna kitu kimeufunga mtandao. Sasa mimi nauliza, na nataka jibu la mtu mzima: kuna mjumbe anayesema kwamba Mlezi Mkuu wa Taifa ameufunga mtandao?"

Wajumbe wakaendelea kuikagua dari.

"Kuna anayependekeza kwamba Mlezi Mkuu ashikwe kidevu?"

Mjumbe mmoja alikohoa, akaomba radhi kwa kukohoa.

"Kwa hiyo tatizo halipo kidevuni. Tatizo lipo kwenye dirisha. Dirisha lisilotafsiriwa, linalojibu mambo ambayo hayajajadiliwa." Akamgeukia Yusto. "Hilo dirisha lifungwe mara moja, na lisifunguliwe tena wilayani bila kibali changu."

"Na majina ya wanafunzi, Mheshimiwa?" Mwalimu Asteria akauliza.

Mheshimiwa akamtazama kwa huruma ya kweli. Si mtu mbaya, nimekula kwake mara nyingi. "Mwalimu, serikali yako haijalala. Tutamwomba Mlezi Mkuu mwenyewe, kwa barua pepe, atoe kibali cha kusogezwa kidogo. Akikubali, atatujibu."

"Atatujibu kwa njia gani?"

"Kwa barua pepe."

Mwalimu Asteria aliitazama kompyuta, akamtazama yeye, akatazama nje walikokuwa wanafunzi wake wakifagia uwanja kwa heshima ya msafara. Niliona anauma mdomo. Nilimwonea uchungu, lakini uchungu hauna safu kwenye taarifa zangu.

Kompyuta ikawekwa chini ya ulinzi hapohapo mezani, kusubiri jibu. Askari alipewa maelekezo ya kulinda kidevu.

*

Ijumaa asubuhi Mheshimiwa Bwato alikuja mwenyewe kupokea zamu, kwa sababu askari alikuwa ameanza kuulizwa maswali na wazazi. Tulikuwa wanne ofisini: yeye, Yusto, mimi, na Mwalimu Asteria, ambaye alikaa na kikombe cha maji ya moto na kitambaa, akisema ana mafua. Saa ilikuwa inakwenda. Mlangoni alikuwa amesimama baba mmoja wa wale watatu, kanzu safi, akingoja kusikia kama binti yake amesajiliwa ama aendelee na mipango yake.

Ilipobaki nusu saa, Mwalimu Asteria akasimama, akaenda dirishani, akawaambia wanafunzi waliopanga mistari uwanjani, "Imbeni wimbo wa taifa. Beti zote."

Wimbo wa taifa wa Shwari una ubeti kwa kila mkoa, na mikoa yetu huongezeka kila mbunge mkubwa anapostaafu. Kwa sheria, mwenye kuusikia husimama wima, uso kwenye bendera, na hageuzi shingo mpaka uishe. Wanaosamehewa ni wanaomhudumia mgonjwa au mzee. Bendera ilikuwa nje ya dirisha. Mheshimiwa, Yusto na mimi tukasimama, mikono ubavuni, tukaipa meza mgongo. Baba wa mlangoni naye akageuka.

Sikuona lolote. Nilikuwa nimesimama wima na ninaweza kuapa. Nilisikia tu maji yakikamuliwa kwenye kitambaa. Halafu nikamsikia Mwalimu Asteria akisema kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyewahi kumnyoa baba yake kitandani, "Samahani, baba. Nyanyua kidevu kidogo. Hivyo hivyo. Nakuja taratibu."

Kikasikika kitu kidogo, kama ukucha unapokatwa. Kisha kibodi.

Wanafunzi walikuwa kwenye mikoa ya kaskazini, ile yenye milima mingi. Yeye alikuwa anaandika. Walihamia pwani, akawa anaandika. Nilimwona Yusto kwa pembe ya jicho, jasho likimtiririka, na midomo yake ikienda haraka. Mwanzoni nilidhani anaimba. Alikuwa anasali ili mtandao usikatike. Nami, nakiri, kwa mara ya kwanza maishani nilitamani nchi yetu ingekuwa na mikoa mingi zaidi.

Wimbo ulipofika ubeti wa mwisho, kibodi ikanyamaza. Tulipogeuka Mwalimu Asteria alikuwa anakibana kidevu mahali pake kwa kitambaa.

"Unafanya nini?" Mheshimiwa akauliza.

"Nilikuwa namhudumia mzee, Mheshimiwa."

Mkuu wa Wilaya akaikaribia kompyuta. Kwenye kidevu cha Mlezi Mkuu palikuwa na tone la maji. Pembeni ya kioo, vipinde vya mtandao vilikuwa vimepandana, vyote. Aliviangalia, nasi tukamwangalia yeye. Saa ya ukutani ilikuwa bado haijafika saa sita.

"Ametoka jasho," hatimaye akasema. "Ni hili joto. Afisa habari, andika kwamba kuna joto."

Nikaandika.

*

Ilipofika saa sita Wizara ikafunga usajili, ikakuta kwamba katika Jamhuri nzima imesajiliwa shule moja. Shule nyingine zote zilikuwa zimekaa zikisubiri kilicho mbioni, kila moja ikidhani tatizo ni lake peke yake, na kila mkuu wa shule akiwa ameshainama, ametazama ukingo wa mbele, na kuinuka kimya.

Waziri wa Elimu aliitisha waandishi wa habari siku ileile. Tulitarajia uso wa huzuni, kumbe amekuja na tai mpya. "Ndugu wananchi," alisema, "tangu tupate uhuru tumekuwa tukihangaika na tatizo la watoto kufeli. Napenda kutangaza kwamba mwaka huu, kutokana na mageuzi ya teknolojia, katika mikoa yote isipokuwa mmoja hakuna mtoto hata mmoja atakayefeli." Watu walipiga makofi. Wasichana wengi waliolewa msimu huo. Niliandika harusi nyingi, zote zilifana.

Mtihani wa taifa ukafanyika Chambasi. Karatasi zililetwa kwa helikopta kama ilivyopangwa kwenye bajeti, zikalindwa na kikosi kilichopangiwa nchi nzima, na wasimamizi walikuwa wengi hata wanafunzi wakakosa pa kuweka viwiko. Binti wa yule baba wa kanzu alikaa dawati la mbele. Walifanya vizuri, si ajabu sana, vizuri tu, kama watoto waliofundishwa na mtu anayewajali.

Matokeo yakatangazwa, na Mwalimu Asteria akaitwa mji mkuu kwenye hafla ya kitaifa. Nilimsindikiza. Shule ya Chambasi ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza kitaifa, kwa hiyo Waziri alimkabidhi kombe kubwa na kumsifu mpaka yeye mwenyewe akatokwa na machozi. Halafu mshereheshaji akatuomba tubaki kwenye viti vyetu, kwa sababu ratiba ilikuwa inaendelea na sehemu ya uwajibikaji, ambapo mkuu wa shule iliyoshika nafasi ya mwisho kitaifa huvuliwa madaraka hadharani.

Akaitwa mkuu wa Sekondari ya Chambasi.

Mwalimu Asteria alisimama tena, kombe bado mkononi.

"Mama," Waziri alisema, na machozi yalikuwa yameshakauka, "eleza umma kwa nini shule yako imekuwa ya mwisho nchi nzima."

"Mheshimiwa, ndiyo hiyohiyo ya kwanza."

"Kwa hilo tumeshakupongeza. Jibu swali."

"Sina la kujibu, Mheshimiwa. Wenzangu hawakuja."

Waziri akasema huo ndio utamaduni wa visingizio unaoirudisha nchi nyuma. Mwalimu Asteria akavuliwa madaraka, akaambiwa akae nyumbani asubiri kupangiwa kazi nyingine. Alilibeba kombe lake hadi stendi. Ndani ya basi alilipakata na kutazama nje njia nzima, na mimi nilikosa la kumwambia, jambo ambalo kwa afisa habari ni aibu.

*

Usajili wa mwaka huu ulifunguliwa wiki iliyopita. Siku ya pili yake nilikwenda kumjulia hali Mwalimu Asteria, nikakuta viatu vingi mlangoni. Sebuleni walikuwa wameketi wakuu wa shule kutoka wilaya za jirani na za mbali, kila mmoja na kitu cha bapa mapajani, kimefungwa kwa kanga, kwa kitenge, kwa taulo. Waliponiona wakaacha kuongea.

"Tumekuja kumpa pole," mmoja akaeleza, Mwalimu Gervas Mtili, mzee mwenye miwani minene.

"Pole ya nini tena, mwaka umepita?"

"Ya mwaka jana. Tulichelewa."

Mwalimu Asteria akatoka jikoni na beseni la maji ya moto na vitambaa safi. Akaliweka mezani. Gervas akafungua taulo, akaisogeza kompyuta yake mbele yake, akafumba macho kama anayengoja kudungwa sindano.

"Hapana, kaka," Mwalimu Asteria akasema. "Maji haya hapa. Kidevu ni cha kwako."

"Dada, wewe umeshazoea."

"Sijazoea. Nilinyanyua kimoja tu, na kimenifikisha hapa. Watoto ni wako, kidole kiwe chako."

Gervas alinitazama, nami nikatazama pazia. Alilowesha kitambaa. Alikaa nacho mpaka kikapoa, akalowesha tena. Hatimaye akakinyanyua kidevu, akaweka kidole chini ya mdomo wa Mlezi Mkuu, akafumba macho, akasukuma, na akabaki ameinamisha kichwa akingoja. Hakikutokea kitu. Vipinde vikajipanga kwenye kioo. Akafungua jicho moja, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena kuviangalia vipinde, kisha akaanza kuandika majina ya wanafunzi wake. Wenzake wakavuta viti kulizunguka beseni.

Walipomaliza, kila mmoja alikirudisha kidevu mahali pake, akasugua kwa kitambaa kikavu kutoka kulia kwenda kushoto, mtandao ukazimika. Wakafunga kanga zao, wakaniuliza, kwa kuwa mimi ni afisa habari, nitaandika nini.

Nimeandika kwamba walikuja kumpa pole.